Harufu ya Gari la Ratemo

Bosibori aliipua sufuria ya maji kwa pindo za leso yake, akayapeleka nje, mahali gari lilipokuwa limesimama kando ya migomba. Milango yote minne ilikuwa wazi. Obiero alikuwa amelala chali ndani, kichwa chini ya deshibodi, miguu ikining'inia nje.

"Yamechemka?" aliuliza.

"Hapana. Ni ya kuogeshea mtoto tu."

"Hayo ndiyo mazuri. Changanya sabuni kidogo na ile siki. Halafu unipe mswaki."

Obiero alikuwa fundi katika gereji moja pale Daraja Mbili, mtu wa Kendu Bay, rafiki wa marehemu Ratemo, mume wa Bosibori, tangu siku za ujana. Asubuhi hiyo alikuwa amemdanganya tajiri wake kwamba jino linamuuma, akapanda hadi huku juu karibu na Magwagwa akiwa na mfuko wa spana, betri ya kuazima na debe dogo la petroli. Petroli yenyewe aliipata kwa taabu. Tangu bei ilipopanda mwaka ule wa sabini na nne, vituo vilikuwa vikiwauzia watu kama vinawagawia dawa.

Gari lilikuwa Pijo kuukuu ya rangi ya maziwa. Ratemo alikuwa dereva wa meneja mmoja Mzungu kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na yule Mzungu aliporudi kwao alimwachia gari hilo, akimkata mshahara mpaka likalipika. Ndani, chini ya deshibodi, lilikuwa limefungwa mashine ya baridi. Ratemo alilifanya teksi kati ya Kisii na Nyamira. Huku milimani hakuna joto la kumfanya mtu atafute baridi, lakini abiria walimwomba afunge vioo na kuiwasha, wapate cha kusimulia nyumbani.

Kisha tumbo la Ratemo likaanza kuvimba. Alifia hospitalini Kisii, na Obiero ndiye aliyeuleta mwili nyumbani, ukiwa umelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo hilo. Baada ya mazishi likaachwa kando ya migomba, na mvua ikalinyeshea msimu mzima. Siku mtu alipofungua mlango, harufu iliyotoka ilimrudisha nyuma. Habari zikazagaa kilima kizima kwamba Ratemo bado yumo ndani.

Ndiyo sababu, mali ilipogawanywa, Machogu hakuligusa. Machogu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mwenye duka sokoni. Alichukua ng'ombe, akachukua shamba la chai akisema atalitunza mpaka watoto wakue. Kuhusu gari alisema, "Hilo la maiti abaki nalo mjane."

Bosibori naye aliamini kwamba Ratemo yumo. Kulikuwa na jioni ambazo, baada ya kulisha watoto, alikwenda kukaa kwenye kile kiti cha mbele, akaivuta ile harufu na kumweleza Ratemo habari za siku hiyo. Chumvi imepanda bei. Gesare amerudishwa nyumbani kutoka shule. Kaka yako amepita hapa wala hakusalimia.

Wiki iliyopita Sista Nereah, msimamizi wa zahanati ndogo ya Magwagwa, alikuja kuliangalia gari. Alihitaji gari la kupeleka wajawazito Kisii, na Obiero alikuwa tayari kuacha gereji aliendeshe. Sista alifungua mlango, akaufunga haraka. "Mama Gesare, wagonjwa wangu watatapika humu. Itoe hiyo harufu, nami nitalikodi." Bosibori hakuwa na tegemeo jingine. Mahindi yaliyobaki darini hayangefika mavuno.

Obiero alifungua skrubu za mwisho, akalishusha lile sanduku la baridi taratibu na kuliegemeza juu ya matofali mawili, mabomba yake yakiwa bado yameshika.

"Hayo mabomba hatufungui," alisema. "Gesi ikitoka, ya kujaza tena iko Nairobi. Njoo uone, shemeji."

Bosibori aliinama. Ndani ya sanduku mlikuwa na kitu kama redieta ndogo, vibati vyembamba vilivyosongamana kama kurasa za Biblia. Hakuviona vizuri, kwa kuwa vilikuwa vimefunikwa na uchafu mweusi, mzito, wenye utelezi. Kulikuwa na vumbi la barabara lililoganda, manyoya, majani ya mgomba yaliyooza, na mjusi aliyekufa ambaye mkia wake ulikuwa umenata kwenye feni.

Obiero alimtoa mjusi kwa kijiti. Kisha akaingiza waya kwenye mpira mdogo wa kutolea maji, akasukuma. Waya ulikwama. Akasukuma tena, na bonge la udongo wa nyigu likaanguka, likifuatwa na maji meusi yaliyomwagika chini ya gari kwa muda mrefu.

Harufu ilikuwa ni ile ile, ila sasa ilikuwa kali mara dufu.

"Ni hii tu?" Bosibori aliuliza.

"Ni hii tu. Mashine ya baridi hutoa maji. Nyigu aliziba njia, maji yakakaa, uchafu ukaoza."

"Siyo yeye."

Obiero alimtazama, akaelewa. "Siyo yeye, shemeji. Hajawahi kuwa yeye."

Bosibori aliketi kwenye nyasi. Alikuwa ameingoja habari hiyo kama mtu anayengoja kufunguliwa mlango, lakini sasa ilipofika alihisi kama amefiwa mara ya pili. Miezi yote ile alikuwa akizungumza na mjusi na majani. Alilia kidogo, bila sauti, kisha akajifuta kwa leso na kuuchukua mswaki.

"Nionyeshe nipigeje."

"Polepole, kufuata vibati vinavyokwenda. Vikipinda, upepo haupiti."

Alisugua mpaka vidole vikafa ganzi. Obiero alimwaga maji ya sabuni kwa kikombe, kisha maji safi, tena na tena, mpaka yakatoka chini yakiwa meupe na vibati vikang'aa. Wakasugua feni, wakafua kitambaa cha viti, wakaacha jua la adhuhuri likaushe kila kitu. Obiero alilirudisha sanduku, akamimina petroli, akaunganisha nyaya za ile betri. Injini ilikohoa, ikashika.

Alizungusha kitufe. Upepo ukatoka, kwanza vuguvugu, halafu baridi. Bosibori aliweka uso mbele yake. Haukuwa na harufu yoyote.

"Jumatatu tunaenda kwa Sista," Obiero alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Mlio wa injini ulikuwa umevuka bonde. Gari lilikuwa bado linanguruma, nao hawakuwa wamemaliza kukusanya spana Machogu alipotokea kwenye njia ya migomba, pamoja na Mzee Onsongo, naibu wa chifu, amevaa kofia yake ya kazi. Machogu hakusalimia. Alichungulia ndani ya gari, akavuta pumzi ndefu, akavuta tena.

"Imepona," alimwambia Onsongo.

"Shemeji, hii gari uliniachia," Bosibori alisema. "Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema uikalie. Mali ya ndugu yangu ni ya ukoo."

Bosibori alimgeukia naibu wa chifu. "Mzee, wewe ulikuwapo."

Onsongo alitazama migomba. "Mama, sheria haiangalii maneno ya matanga. Hii gari ina jina lako?"

"Ina jina la bwana wangu."

"Basi umejijibu. Mwanamke ameolewa na ukoo, haurithi." Akamgeukia Obiero. "Na wewe wa kutoka ziwani, nani alikupa ruhusa ya kufungua mali ya marehemu katika lokesheni yangu? Nikitaka, unalala ndani leo."

Obiero alikuwa na mke na watoto, na tajiri aliyedhani yuko kwa daktari wa meno. Aliinama akaendelea kuokota spana. "Nisamehe, shemeji," alinong'ona.

"Machogu, panda twende," Onsongo alisema. "Unipitishe Nyamira."

Machogu alizunguka kwenda upande wa dereva. Bosibori alikuwa karibu zaidi. Hakuwahi kuendesha gari maishani mwake na hakukusudia kuanza. Aliingia, akavuta mlango, akabonyeza kufuli, akajinyoosha kufunga milango mingine mmoja baada ya mwingine. Kisha akapandisha vioo mpaka juu.

Machogu aligonga kioo kwa ngumi. Midomo yake ilikuwa ikienda, Onsongo naye akinyoosha kidole, lakini mashine ya baridi ilikuwa ikivuma na maneno yao yalimfikia kama mazungumzo ya watu wa ng'ambo ya mto. Alishika usukani kwa mikono yote miwili. Upepo safi ulimpiga usoni, ngozi ikamsisimka.

Nje, Machogu aliokota jiwe, akalitazama gari ambalo sasa lilikuwa lake, akalitupa lile jiwe chini. Akakaa kwenye kisiki. Onsongo akavua kofia, akakaa karibu naye. Walikuwa wameliona lile debe dogo la petroli, na walijua mafuta hayatachukua muda kuisha.

Injini ilikata mara ya kwanza, ikajishika, ikakata kabisa. Upepo ukafa. Joto likaanza kupanda ndani ya vioo, na Bosibori hakufungua mlango.