Vidole Vilivyosomea Lomé

Akpene alipoandika jina lake kwenye kompyuta ya mtihani, kioo kilimjibu: Qkpene.

Akadhani kidole kimeteleza. Akafuta, akaandika tena. Qkpene. Huyu Qkpene ni nani, na kaalikwa na nani?

Nafasi ya mpiga chapa ilikuwa moja tu, katika ofisi ya mawakili pale Denu, na waombaji walikuwa wamejaza mabenchi mpaka barazani. Akiipata, atabaki kwao Aflao, upande wa Ghana. Akiikosa, jioni hiyo hiyo apande basi na shangazi yake Abla hadi Abidjan, akawalee pacha wa shangazi, watoto ambao yaya wao wa mwisho alitoka mbio akasahau viatu. Ndivyo alivyokubaliana na mama yake: kazi, au pacha.

Basi alikuwa amefanya mazoezi kama mtu aliyerogwa. Asubuhi, akishamaliza kufunga mikate ya abolo ya mama kwenye majani, anakaa kwenye kibodi. Mchana vivyo hivyo. Umeme ukikatika, anapiga vidole juu ya kibodi iliyozimika huku akijitajia herufi, mpaka majirani wakaanza kumwonea mama yake huruma. Wiki za mwanzo alikuwa akidonoa kama kuku. Baadaye vidole vikajua njia vyenyewe, macho yakabaki kwenye karatasi.

Sasa vidole hivyo hivyo vilikuwa vikimwaga takataka. Akitaka A, anapewa Q. Akitaka M, anapewa nukta na mkato wake. Jasho likamtoka. Akainama kuzitazama herufi. A haikuwa mahali pake. Wala M.

Kibodi ya nyumbani aliinunua ng'ambo ya mpaka, Lomé, kwa Koffi muuza mitumba, maana huko bei haiumi. Koffi mwenyewe ndiye aliyekuja kuifunga, akagusagusa kompyuta mpaka vikapatana. Na watu wa Togo, kama walivyorithi mikate mirefu ya Wafaransa, walirithi pia mpangilio wao wa herufi.

"Madam," Akpene alimwita msimamizi, "herufi za kibodi hii zimehama."

"Zimehama kwenda wapi?"

"Ya nyumbani kwetu imekaa Kifaransa."

Chumba kizima kikacheka. "Ungekuja na mkalimani, binti," alisema msimamizi. "Andika, muda unakwenda."

Akaandika kwa kutafuta herufi moja moja, kuku yule yule wa wiki za mwanzo. Muda ulipokwisha hakuwa amefika hata nusu ya ukurasa. Hakuna aliyemwambia asubiri majibu.

Nyumbani alimkuta shangazi Abla amekalia sanduku.

"Uso huo! Nani kafa?"

"Mimi."

"Maiti hapandi basi. Kaoge, saa kumi na moja tunaondoka."

Akpene hakuoga. Aliichomoa kibodi, akaitia kwapani, akashika njia ya mpakani akilia waziwazi.

"Dada yangu wa Ghana!" Koffi alimpokea kibandani. "Umeileta ipigwe mswaki?"

"Koffi, umeniua." Akamweleza yote.

Koffi alianza kucheka, akayaona machozi, akakoma. "Mimi niliuza kibodi, dada. Hukuniuliza inasema lugha gani."

"Tazama basi! Tazama mikono uliyoiharibu!"

Akaketi kwenye kompyuta ya Koffi, akavuta gazeti kuukuu lililofungiwa nyaya, akaanza kulinakili. Aliandika kwa hasira, macho hayashuki, vidole vikidunda kama mvua juu ya bati.

Kibanda cha pili kikanyamaza. Humo Mama Ayélé aliwaandikia watu barua kwenye kompyuta kwa vidole viwili, na foleni yake siku zote ilikuwa ikinung'unika. Akachungulia.

"Mikono hiyo ni ya nani?"

"Ya mtu anayekwenda kulea pacha," alisema Akpene bila kusimama.

"Kifaransa unakijua?"

"Cha sokoni, mama."

"Na wateja wangu ni wa sokoni. Njoo. Huyu wa mbele akilalamika, ondoka naye."

Wa mbele alikuwa muuza samaki mwenye shtaka refu dhidi ya jirani yake, limeandikwa kwa mkono uliopinda. Nusu ya maneno Akpene hakuyaelewa, lakini herufi alizielewa zote, na zote zilikuwa nyumbani kwao. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Akaiacha itetemeke. Karatasi ikatoka. Mwanamke akaisoma kidole kikipita chini ya kila mstari, polepole mno, kama anayetafuta miba.

"Jina langu liko sawa," alisema hatimaye. "Hata mume wangu hulikosea."

Mama Ayélé hakumtazama Akpene. Alikuwa tayari anamwita mteja wa pili. "Huyu naye ni wako. Na kesho uje mapema. Uchelewe uone."

Simu ikatetemeka tena. Mara hii akaipokea.

"Uko wapi wewe? Basi linaunguruma!"

"Shangazi," alisema Akpene, bega likiibana simu sikioni, vidole vimeshaanza, "wasalimie pacha."