Unene wa Tairi

"Tangu nizaliwe, kijito hiki hakijawahi kupata uchafu kutoka kwangu, hata ganda la pipi!" Nashoni alitangaza mbele ya mkutano wa kitongoji, kifua mbele kama jogoo mwenye boma lake. "Nipeni uenyekiti, halafu mtu akichafue aone!"

Watu wakapiga makofi, na hilo halikuwa jambo dogo. Pale Nyamwaga Nashoni alijulikana kama dereva wa bodaboda mwenye mizaha mingi kuliko abiria. Wazee wasingemwachia hata mbuzi amchunge mpaka adhuhuri. Leo, kwa mara ya kwanza, walikuwa tayari kumkabidhi kitu: kamati ya kutunza kijito kile kinachopita chini ya daraja la lami na kwenda kumwagika Mto Mara. Tena aliyempendekeza ni Bibi Gati, ambaye neno lake halirudishwi.

"Mpeni," Bibi alisema, akijitwika ndoo tupu. "Huyu mura, kijana wetu, sasa amekua. Mimi nateremka kuteka maji ya chai, nikirudi nimkute mwenyekiti."

Ilibaki kunyoosha mikono tu. Ndipo Mwalimu Beatrice wa sekondari akaomba neno moja, na neno moja la mwalimu mnalijua.

"Tairi likiwa jipya lina unene," alisema. "Baada ya muda lina upara. Ule unene umekwenda wapi?"

"Mbuzi wamekula!" akajibu Waitara kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

"Umebaki barabarani, baba. Kila ukifunga breki tairi linaacha vumbi la mpira na plastiki, jingine laini kuliko unga wa sembe. Mvua inalisukuma mtaroni, mtaro unalimwaga kijitoni, kijito kinalipeleka Mara, na Mara inaelekea ziwani. Hulioni, na wala haliozi kama majani."

"Kesho utatuambia na ndala zetu zinachafua!"

"Zinachafua, Waitara. Bahati yetu wewe si mtu wa kukimbia."

Nashoni naye alicheka, lakini kicheko kiliishia kwenye meno.

"Na pale darajani," Mwalimu aliendelea, "kuna mtu ametuachia weusi wa kuonekana kabisa, duara kubwa kama sinia. Amezungusha tairi palepale mpaka limeungua. Ikinyesha mvua moja tu, yote majini."

Mzee Wangwe, mkuu wa kikao, akagonga fimbo chini. "Kabla ya kura twende tukaone. Na aliyefanya hivyo tutamjua leo hii."

Masikio ya Nashoni yakawaka moto. Jumamosi iliyopita, vijana waliotoka tohara walirudishwa nyumbani kwa nyimbo na filimbi, na bodaboda zikafuata nyuma kama ng'ombe walioona majani. Wazee walikuwa mbele na watoto wao, hawakugeuka. Pale darajani Nashoni akabana breki ya mbele, akavuta mafuta, gurudumu la nyuma likazunguka palepale na kufuka moshi. Wasichana wakapiga vigelegele. Akarudia, kwa sababu vigelegele havijawahi kumshibisha.

"Wazee wangu," alisema sasa, "ngoja niwahi nikasimamishe magari, msije mkagongwa."

"Mnaona?" Mzee Wangwe akawaambia wenzake. "Huyo ndiye kiongozi."

Sifa ile ilimchoma kuliko tusi. Akawasha pikipiki, akapita kijiweni na kuchukua dumu la maji, sabuni ya unga na fagio, vile vile anavyooshea chombo chake. Wazee walikuwa bado wanatafuta fimbo na viatu. Alijua hawana haraka.

Alisugua lami akiwa amepiga magoti. Alisugua akiona haya hata mbele ya kunguru waliotua kwenye kingo. Duara likaanza kufifia, povu likageuka jeusi kama masizi ya sufuria, naye akalisukuma kwa fagio mpaka kwenye tundu la pembeni, likazama gulugulu. Akamwaga maji yaliyobaki, akasukuma tena. Lami ikang'aa. Akavuta pumzi ya mtu aliyepona.

Pumzi yenyewe haikufika mwisho. Chini ya tundu kulikuwa na bomba, na bomba lilitazama kijito. Kazi iliyokuwa ikisubiri mvua, ameifanya yeye kwa mikono yake, tena kwa sabuni.

"Nashoni."

Hakuitwa mura. Bibi Gati alikuwa anapanda kutoka kijitoni, ndoo mkononi badala ya kichwani, povu jeusi limemtapakaa kwenye kilemba na begani. Ndani ya ndoo maji ya chai ya wapiga kura yalikuwa na utando kama mafuta.

Nashoni akaficha fagio mgongoni. Likamdondoshea weusi kwenye visigino.

"Bibi, shikamoo. Mimi... nilikuwa nasafisha."

Hakuitikia marahaba. Alitazama lami iliyolowa, akatazama tairi la nyuma la pikipiki, lililoliwa mpaka nyuzi zinachungulia. Kisha akaweka ndoo katikati yao, akaketi kwenye ukingo wa daraja na kufunga khanga vizuri magotini, kama mtu anayesubiri wenzake wafike.

Sauti za wazee zilikuwa zimeshafika konani.