Ugonjwa wa Baba

Harufu ya kuungua ilipoanza, mama dobi alidhani ni shati la mteja. Akalinyanyua, akaligeuza huku na huku: jeupe pe. Kutupa jicho chini, akaona kidole chake cha mwisho kimegandamana na pasi, ngozi imebabuka, wala hajahisi lolote.

Baba yake alimalizia miaka yake chumba cha uani, vidole vimekunjamana, sahani ya chakula ikisukumwa mlangoni. Shangazi yake naye hivyo hivyo. Nyumbani ugonjwa huo waliuita laana, tena kwa kunong'ona.

Kule zahanati, daktari, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alimgusa kwa pamba baka lililofifia mkononi. Hakuhisi kitu. Daktari akamwambia bila kuzunguka kuwa ni ukoma, dawa zipo, za bure, na akizinywa mwaka mzima atapona. Dobi akauliza mbona majirani wa miaka yote hawakuguswa, ni ukoo wao tu.

"Watu wengi wakivuta vijidudu hivi, miili yao huvimaliza kimyakimya," daktari alisema. "Wachache huzaliwa na kinga inayozidiwa navyo, na udhaifu huo hurithiwa. Hakuna aliyewalaani, mama. Nduguzo nao waje wapimwe."

Ndugu alikuwa mmoja tu, kaka yake, fundi saa. Dobi alimfuata kibandani. Bila kuinua uso kwenye lenzi, kaka alisema ana wakwe, ana mabinti wa kuozwa, na jambo hilo walishalizika pamoja na baba. Dobi alifungua bandeji, akaweka mkono mezani katikati ya skrubu ndogondogo.

"Kaka, wewe unakula kwa vidole vyako."

Siku kumi zikapita. Ya kumi na moja fundi saa akatokea zahanati na mkewe na mabinti wote wawili; alikuwa amewaeleza mwenyewe, hakubakisha neno. Alikutwa na baka moja mgongoni, dogo kama kifungo, na vidole vyote vizima. Akaanzishiwa dawa siku ileile. Mke na mabinti hawakuwa na kitu, wakapewa kidonge cha kinga.

Kabla hawajaondoka, daktari aliwaeleza kuwa kuna watafiti wanaokusanya damu za familia kama yao, wajue udhaifu huo unarithiwa vipi. Ni hiari.

Fundi saa akakunja mkono wa shati. "Toa. Ila kwenye fomu muanze na baba yetu." Akalitaja jina kamili, mbele ya wagonjwa wote waliopanga foleni, bila kushusha sauti.