Koti la Harusi Mbele ya Msuluhishi

Mnunuzi wa Ulaya aliikataa kakao ya Kanyere. Alidai shamba lake la Beni ni msitu uliokatwa baada ya 2020, na sheria yao mpya inakataza kununua mazao ya shamba la namna hiyo. Kesi ikafika kwa msuluhishi wa Paris, ikasikilizwa kwa video, Kanyere akiwa nyumbani kwake, mtaa wa Keshero.

“Msitu gani? Tulipiga foto ya ndoa mule! Papa Donat, ilete!”

“Ile hapana,” mumewe alisihi. “Koti lilikuwa la kuazima, mikono iliishia kwenye viwiko!”

“Leta!”

Msuluhishi aliitazama: tarehe ya 2009, maharusi, na nyuma yao mikakao imezaa chini ya kilima kilekile kilichoonekana kwenye picha za shamba alizoleta mnunuzi. Akaamua Kanyere ana haki.

Miaka yote Donat aliificha foto ile chini ya godoro. Jioni hiyo aliitundika sebuleni mwenyewe, akaita majirani waje walione koti.