Siku Kumi na Tisa za Kutekenywa

Mama yangu alifungua friji kwa mwiko.

Mwanzoni nilidhani ana unga mikononi. Hapana, mikono ilikuwa mikavu na safi. Aliingiza ncha ya mwiko kwenye ufa wa mlango, akasukuma mpaka mlango ukaachia, akatoa jagi la maji kwa haraka, kisha akaufunga kwa kisigino chenye ndala. Alifanya hivyo kwa wepesi wa mtu aliyekwisha kuzoea. Mimi nilikuwa nimekaa jikoni, hata viatu vya kazi sijavua, na testa ya kupimia umeme iko mfukoni mwa suruali yangu. Mimi ni fundi umeme, binti wa fundi umeme, na mtu akifungua friji kwa mwiko mbele yangu sihitaji maelezo marefu.

"Mama, hiyo friji inakufanya nini?"

"Haifanyi kitu. Kunywa maji."

"Inakupiga?"

"Haipigi. Inatekenya tu kidogo."

Inatekenya, anasema, kana kwamba ni mjukuu wake. Damu ilinipanda. Niliinuka, nikainama kwenye bawaba ya chuma ya ule mlango, nikaigusa kwa ncha ya testa. Taa ndogo ndani ya mpini ikawaka. Nilikwenda moja kwa moja ukumbini, nikashusha swichi kuu, na nyumba nzima ikanyamaza.

"Tangu lini?" nilimuuliza niliporudi.

"Tangu baba yako ahamishe soketi." Alihesabu kwa vidole, akiwa bado ameshika mwiko. "Leo siku ya kumi na tisa."

Baba alikuwa ameihamisha ile soketi kwa ajili yake. Ya zamani ilikuwa chini, nyuma ya kabati, na mama kila akitaka kuchomoa plagi mgongo unamkatalia. Baba akasema mke wake hawezi kuinamia ukuta wakati yeye yupo hai. Akatoboa ukuta, akavuta waya mpya, akafunga soketi usawa wa kiuno. Mama aliniambia habari hiyo kwenye simu kwa furaha, mpaka nikamuonea wivu.

Sasa huyo baba yangu si fundi wa kuokota barabarani. Ana miaka arobaini kwenye kazi, na watu wanamwita Zima Kwanza, kwa sababu akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hata hajakaa, anauliza swichi kuu iko wapi. Wenzake humtania kwamba hata siku ya harusi yake alizima umeme wa ukumbi ndipo akakaa kwenye kiti cha bwana harusi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba swichi ikiwa imeshuka bado unapima, na kwamba ukiwa na shaka, mkono mmoja unautia mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

"Ulimwambia inakutekenya?"

"Siku ya kwanza nilimwambia. Akasema ni ubaridi wa chuma tu, nimezeeka, naanza kuhisi mambo." Mama alivuta kiti akakaa. "Kesho yake asubuhi nikamkuta anaikagua soketi. Ameinama, pua inagusa ukuta. Anapapasa. Ndipo nikajua haoni, mwanangu. Nikanyamaza, nikatafuta ndala zenye mpira mzito."

Nilitaka kumgombeza, na maneno nilikuwa nayo ya kutosha. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi, nami nikashindwa. Nilichukua bisibisi nikaenda kwenye ile soketi.

Baba ana desturi moja. Kila soketi anayoifunga, nyuma ya kifuniko huandika kwa penseli tarehe, na chini yake neno moja: nimepima. Haandiki kabla hajapima. Utotoni niliona maneno hayo nyuma ya vifuniko vya nyumba nyingi, na mwandiko ulikuwa mmoja, mdogo, ulionyooka. Niligeuza kifuniko hiki. Tarehe ilikuwapo, na neno lilikuwapo, ila herufi zilikuwa zimepandana na mbili za mwisho zilitoka nje ya ukingo.

Nikapima kuhakikisha umeme umekufa, nikachungulia ndani. Waya wa kahawia uko mahali pake. Wa buluu uko mahali pake. Ule wa kijani na njano, wa ardhini, ulikuwa kando ya tundu lake, umelala, na skrubu imekazwa vizuri kabisa juu ya hewa tupu. Huo ndio waya ambao umeme ukivuja kwenye mwili wa friji, unauchukua na kuupeleka ardhini, na uvujaji ukizidi fyuzi inakatika. Ukiwa haupo, umeme unabaki mlangoni, unasubiri mtu aje auonyeshe njia. Mtu huyo kwa siku kumi na tisa alikuwa mama yangu, na siku moja tu ya mikono yenye maji na miguu mitupu ingetosha kabisa.

Niliuingiza waya, nikakaza, nikauvuta kuona kama umeshika. Macho yalikuwa yanalengalenga, na nilimshukuru Mungu kwamba nimempa mama mgongo.

"Umemaliza?" aliuliza. "Basi funika, uwashe. Akirudi kutoka kwa kinyozi tunampa chai, yameisha."

"Mama, na friji yenyewe inavuja. Lazima nayo ifunguliwe."

"Utasema imezeeka. Kweli imezeeka. Lakini habari ya waya asiisikie. Nakuomba."

Nitasema ukweli: nilikubali. Niliweka kifuniko, nikakaza skrubu ya kwanza. Nilikuwa nampenda baba kwa namna hiyo hiyo ya kijinga ambayo mama anampenda nayo. Ile ya pili nikaishika mkononi, nikakumbuka kwamba baba hakukaa nyumbani siku zote hizi.

"Tangu macho yake yaharibike, amefanya kazi nyumba ngapi?"

Mama alitazama sakafu. Alikuwa amehesabu na hizo.

"Nne," alisema.

Skrubu ya pili ilikuwa bado mkononi mwangu baba alipoingia, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Tulimsikia akibonyeza swichi ya sebuleni mara mbili.

"Nani kazima?"

"Mimi, Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umezima kwanza, ndiyo vizuri." Akaja mpaka mlangoni mwa jikoni, anatabasamu kuelekea mahali nilipokuwa, si hasa usoni mwangu. "Kuna tatizo gani?"

Mama alinikazia macho. Nikayakwepa.

"Soketi ya friji, Baba. Waya wa ardhini haukuingia kwenye tundu lake."

"Hiyo niliipima."

Nilifungua ile skrubu moja, nikampa kifuniko. Alikileta karibu na pua, akakipeleka mbali, akakisogeza dirishani kwenye mwanga. Alishindwa kusoma mwandiko wake mwenyewe. Alikipapasa kwa kidole gumba muda mrefu, nami nilitamani nimpokonye.

"Sikuipima," alisema mwishowe, taratibu. "Mita niliitoa. Namba zilikuwa zinacheza, sikuzishika. Nikasema nitapima jioni. Mkono umezoea kuandika, ukaandika." Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa. "Aliyegundua ni nani?"

"Friji inamtekenya Mama. Siku kumi na tisa. Anaifungua kwa mwiko."

Baba alimgeukia mama. "Ulisema mara moja tu."

"Nikaambiwa nimezeeka."

"Kwa nini hukurudia?"

"Nilikuona na pua yako ukutani." Sauti ya mama ilikatika, akaanza upya. "Nikasema nikimwambia, kazi itamtoka mikononi. Na wewe bila kazi sikujui, mzee wangu. Sijawahi kukuona."

Baba aliketi palepale, juu ya ndoo iliyofunikwa, kifuniko cha soketi kikiwa magotini. Sijawahi kumwona mtu akiwa na aibu na kupendwa kwa wakati mmoja namna ile. Nilichuchumaa mbele yake, nikamwambia huenda ni mtoto wa jicho tu, hutolewa hospitali, na kesho kutwa nitampeleka mwenyewe. Na zile nyumba nne nitazipitia leo hii.

"Nitawaambia ni ukaguzi wa kawaida," nilisema. "Hutatajwa."

"Mmenificha vya kutosha ninyi wawili," alisema baba, akainuka. "Leta mfuko wa vifaa."

Tulikwenda sote watatu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani, mama wa makamo mwenye maneno mengi, ambaye baba alimfungia soketi ya pasi. Tulimkuta anapiga pasi suruali ya mtu, miguu mitupu juu ya sakafu aliyotoka kuipiga deki.

"Zima Kwanza," alicheka, "leo umekuja na ukoo mzima? Kuna posa?"

Mama yangu alifungua mdomo ili aseme yeye. Baba alimgusa bega, akapita mbele.

"Usiondoke na pasi mkononi. Iweke kwenye kigoda chake, polepole, halafu uje huku kwenye zulia." Alingoja mpaka yule mama akafanya hivyo. "Soketi ile niliandika kwamba nimeipima, na sikuipima. Macho yangu yameharibika na nilikuwa najua. Nimekuja na binti yangu aitazame. Nisamehe."

Fundi cherehani hakucheka tena. Alitazama miguu yake, akatazama unyevu wa sakafu. Mimi nilikwenda kuzima, nikafungua. Waya wa ardhini ulikuwa ndani ya tundu, lakini umeshikwa kwa uzi mmoja tu wa shaba, na nilipougusa ukachomoka. Nilimwambia baba kwa sauti, kama alivyonifundisha, bila kupunguza kitu. Alitikisa kichwa. Nilipokwisha kukaza na kupima, yule mama akamletea kiti, baba akashukuru na kukataa.

"Ungeweza kunyamaza, mzee," alisema fundi cherehani. "Mimi ningejuaje?"

"Ningeweza," baba alijibu.

Tulitoka, tukamweka katikati, maana barabara ilikuwa na mashimo. Mama alikuwa analia kimyakimya na kujifuta kwa ncha ya mtandio.

"Nilidhani utavunjika," alimwambia. "Ukijulikana mbele za watu. Ndiyo maana."

"Ningekuzika," baba alisema. "Ningekuzika kwa kazi ya mkono wangu, na watu wangenipa pole. Hilo ndilo lingenivunja."

Mama alikamata kiwiko cha baba na kumvusha shimo.

"Hujanizika," alisema. "Kaza mwendo, bado nyumba tatu."