Ukosi wa Barafu

Uzi wa timazi ulitulia mno.

Rimma Pavlovna Lazutina alikuwa amepiga magoti ndani ya tumbo la meli mpya, *Kapteni Tregubov*, akiwa na taa ya mkononi. Uzi ulining'inia kutoka kwenye boriti ya sitaha hadi kwenye karai la mafuta mazito, ambamo risasi ya timazi ilizama ili isibembee. Juu ya karai kulikuwa na ubao uliochorwa milimita. Kule sitahani wafanyakazi walikuwa wakihamisha matofali ya chuma kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Kila walipohamisha, meli ililala kidogo na uzi ukasogea juu ya ubao. Ukijua uzito uliohamishwa na umbali uliosogea uzi, unajua meli ina nguvu kiasi gani ya kujirudisha wima. Ukikosea hapo, kila hesabu inayofuata ni ya uongo.

Uzi ulikuwa umesogea pungufu kwa robo kuliko alivyotarajia.

"Safi!" alisema Tikhon Dolbnya, msimamizi wa upande wa karakana ya meli, akichungulia juu ya bega lake. Pumzi yake ilitoka kama moshi. "Meli imesimama kama nguzo. Rimma Pavlovna, hesabu zako zilikuwa zinaionea bure."

"Hesabu hazionei mtu. Hamisheni tena."

"Tumehamisha mara nne!"

"Basi hii iwe ya tano."

Ya tano ilitoa jibu lile lile. Matofali yaliporudishwa katikati, uzi haukurudi sifuri. Ulisimama kando kidogo, ukakaa hapo, kisha ukaruka ghafla hadi mahali pake kama mtu aliyeachiwa mkono. Rimma aliuangalia muda mrefu. Meli inayoelea haifanyi hivyo. Meli inayoelea hurudi taratibu.

"Tikhon Fomich, barafu ya nje mmeivunja?"

"Tagi la kuvutia meli limezunguka tangu asubuhi, likiivunja. Pande zote maji tupu."

"Nipe ule mti wenye kulabu."

"Uende wapi na baridi hii? Meli ya kuvunja barafu ishikwe na barafu bandarini! Watu wakisikia watacheka mpaka waumwe mbavu."

Dolbnya alipanda naye, akiwa bado anacheka. Ilikuwa siku za mwisho za Desemba, na bwawa la karakana lilifuka mvuke wa baridi. Ni kweli, maji yaliyoizunguka meli yalikuwa meusi na wazi, na vipande vya barafu vikielea. Rimma aliegemea ukingo, akaushusha mti kando ya ubavu, chini ya maji. Kulabu iligonga kitu kigumu kabla ya kufika kwenye chuma. Alijaribu mbele kwenye omo, akajaribu katikati, akajaribu nyuma kwenye tezi. Kila mahali palikuwa na ukosi wa barafu uliogandamana na bodi, mnene kama paja la mtu, umejificha chini kidogo ya uso wa maji, pale ambapo tagi halikuufikia.

Dolbnya aliacha kucheka.

"Wiki tatu imekaa bila kusogezwa," alisema kwa sauti ya chini. "Tulikuwa tunasubiri ule mzinga."

Mchoro wa kwanza haukuwa na mzinga. Rimma aliujua mchoro huo, maana uthabiti wake aliukokotoa yeye: meli ya kuchunguza ncha ya kaskazini, maabara mbili, winchi ya kushushia vipimo vilindini, vitanda vya wanasayansi. Kisha jeshi la maji likakubali kutoa injini, kwa sharti kwamba omoni pawekwe mzinga pamoja na ngao yake na ghala lake la risasi. Mzinga ulikaa juu, na uzito ulio juu ni adui wa meli ya namna hiyo. Tumbo lake ni mviringo kama yai, ili barafu ikiibana iisukume juu badala ya kuipasua. Haina mapezi ya ubavuni ya kuizuia isiyumbe, kwa kuwa barafu ingeyang'oa. Ndani ya barafu imetulia kama nyumba. Kwenye bahari wazi, yenye dhoruba, huku mawimbi yakirukia sitaha na kuganda hapo hapo, ni jambo jingine.

Kwa hesabu za Rimma, meli yenye mzinga ilipungukiwa na kiwango cha chini cha uthabiti kwa kiasi kidogo. Kwa jaribio la leo, ilikivuka kiwango hicho kwa raha. Na sasa alijua sababu. Ukosi uliipanua meli karibu na usawa wa maji, na umbo lililopanuka hukataa kulala.

Msanifu mkuu, Venyamin Osipovich Grachov, alimsikiliza akiwa amesimama, koti begani, glavu mkononi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu wote wawili wakichonga penseli za wengine.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Jaribio ni batili."

"Rimma, mpenzi wangu, sikiliza. Mwaka unaisha Jumamosi. Meli isipokabidhiwa kabla ya hapo, karakana haijatimiza mpango, sisi hatujatimiza mpango, wizara haijatimiza mpango. Unataka nimwambie waziri kwamba barafu imetushika nyumbani kwetu?"

"Mwambie."

"Mwambie wewe!"

"Nipe simu."

Grachov aliitazama simu iliyokuwa mezani, akaisogeza mbali naye. "Miaka thelathini hujabadilika. Unataka nini?"

"Muuchome ukosi kwa mvuke, turudie. Au isubiri mwezi wa tano. Au mzinga ushushwe."

"Mvuke karakana haina wa kutosha, boila moja imekufa. Mwezi wa tano nitakuwa nimeshafukuzwa. Na mzinga..." Alinyoosha kidole kuelekea dari. "Mzinga una baba yake huko juu. Bila sahihi yako, mkuu wa kundi la uthabiti, siwezi kukabidhi, na wewe unalijua hilo. Nenda nyumbani ule, ulale. Kesho tuongee kama watu wazima."

Nyumbani, mwanawe Kirill alikuwa ameshapika viazi na kusafisha samaki wa chumvi. Alikuwa mpimaji wa vilindi, na tangu masika jina lake lilikuwa kwenye kikosi cha kwanza cha *Tregubov*. Alishika kisu kwa mkono wa kushoto, kama marehemu baba yake. Shuleni walimchapa miaka miwili ili auache mkono huo, wakachoka wao.

"Habari zimenifikia," alisema. "Dolbnya ana mdomo mpana kuliko mlango wa ghala."

"Basi sina cha kueleza."

"Mama, isipokabidhiwa mwaka huu kikosi kinavunjwa. Fedha za msimu zinakwenda kwa wale wa Murmansk, na mimi narudi kupima mifereji ya Ladoga. Miaka minne nasubiri! Kule juu kuna vilindi havijawahi kuguswa na uzi wa mtu yeyote."

"Meli ina upungufu."

"Wa kiasi gani?"

Alimwambia. Kirill alikokotoa kichwani, uma ukiwa hewani.

"Hicho tu? Mama, wewe Babu Baridi mwenyewe akija na zawadi za mwaka mpya ungempima kwanza kama mfuko wake haumwegemezi upande!"

"Ningempima. Anatembea kwenye mapaa."

Kirill alicheka, na yeye pia akacheka, kwa sababu alipocheka hivyo alifanana na mtoto. Kisha Kirill aliweka uma chini.

"Kila meli ina upungufu wake. Nahodha akiujua, anaishi nao. Tatizo ni asipoujua. Basi mwambie! Andika kwenye kitabu chake cha uthabiti afanye nini. Wewe unajua kuliko yeyote."

Alilitafakari hilo akiosha vyombo. Lilikuwa wazo lenye mantiki, na hilo ndilo lililomponza. Mpumbavu angemwomba asaini kwa ajili ya mapenzi, naye angekataa.

Asubuhi alimpa Grachov masharti yake. Katika kitabu cha nahodha yangeingia maagizo yaliyoandikwa na yeye, bila neno kubadilishwa. Tangi za chini zisiwe tupu kamwe. Mafuta yakipungua, zijazwe maji ya bahari yawe farumi, uzito wa kuituliza meli. Na barafu ikianza kuganda sitahani, watu wote watoke kuivunja mara moja, mabaharia kwa wanasayansi, bila kusubiri ishara ya hatari. Waanzie kwenye mzinga na ngao yake, kwa kuwa tani moja pale ni sawa na tani tatu za chini.

Grachov alisoma, akapiga ishara ya msalaba kwa kidole kimoja chini ya meza, mkomunisti mzima. "Hata nukta sigusi."

Rimma alisaini.

Mwezi wa Julai Kirill aliondoka. Kabla ya kutoka waliketi, yeye juu ya sanduku, mama kwenye kiti, bila kusema, kama desturi ya safari inavyotaka. Kirill ndiye aliyeinuka kwanza.

"Usisimame dirishani," alisema.

"Sijawahi kusimama dirishani."

"Ndiyo maana nakuambia. Usianze uzee."

Dhoruba iliwakuta mwezi wa Oktoba, wakirudi, kwenye Bahari ya Barents, upepo ukitoka kaskazini. Kapteni Yurlov, nahodha wa meli, alikuja mwenyewe kumweleza, amevaa sare, kofia mapajani, chai yake ikipoa.

"Ilianza alfajiri. Kila wimbi liliacha ganda. Niliona meli inalala na kuchelewa kuinuka. Inakaa kule kando, inafikiri. Unanielewa, Rimma Pavlovna?"

"Naelewa."

"Nikafungua kitabu chako. Nikatoa watu wote, kama ulivyoandika. Nyundo za mbao, mashoka, mitaimbo. Tukaanzia kwenye mzinga. Kirill Andreyevich alikuwa wa kwanza kupanda ngao. Nilimwambia ajifunge kamba, akajifunga. Kamba yenyewe ilikuwa imeganda, ikakatika kama ukuni wimbi lilipokuja." Aligeuza kofia yake. "Tuliendelea kuvunja. Nisingeweza kugeuza meli. Ningegeuza, tungepinduka wote sabini na ushei."

"Mngepinduka," alisema Rimma. "Usingeweza kugeuza."

"Agizo lako liliokoa meli. Nilitaka usikie kutoka kwangu."

"Nimesikia. Kunywa chai, Kapteni."

Grachov alikuja baada ya siku ya arobaini. Alileta mkate na chupa, akaketi jikoni, akalia kweli, kwa kuwa alimjua Kirill tangu akiwa kwenye nepi. Alipojifuta uso alisema jambo ambalo labda alidhani ni faraja.

"Angalau meli imethibitika. Dhoruba kama ile, na imesimama. Namba zilikuwa sahihi, Rimma. Hukusaini uongo."

Rimma alimtazama kama alivyokuwa ameutazama uzi.

"Mwezi wa Julai nataka kurudia jaribio," alisema. "Kwenye maji wazi."

"Ya nini? Nani ataomba?"

"Mimi naomba. Utanipa, Venya."

Alimpa.

Siku ile ya Julai bwawa lilikuwa tulivu, na maji yalikuwa na rangi ya chai. Dolbnya alimpokea kwenye ngazi bila kofia. Rimma aliomba kwanza aukague uzito wa juu, kwa hiyo wakaenda omo.

Rangi ya ngao ya mzinga haikuwa imepakwa upya. Ilikuwa na mabonyeo ya nyundo kila mahali, yamesongamana kama alama za ndui. Mengi yaliegemea upande mmoja, jinsi mtu anayetumia mkono wa kulia anavyopiga akiwa amesimama chini. Juu kabisa, karibu na ukingo ambao mtu hawezi kuufikia bila kupanda, palikuwa na eneo dogo, si kubwa kuliko meza ya jikoni, ambapo mabonyeo yaliegemea upande wa pili. Yalikuwa yamepangika vizuri, safu kwa safu, ya mtu aliyefanya kazi bila haraka. Safu ya mwisho iliishia katikati.

"Twende chini," alisema.

Alipiga magoti mahali pale pale. Dolbnya alipaza sauti juu, na matofali ya chuma yakaanza kuhamishwa. Meli ililala, bila kizuizi, uzi ukateleza juu ya milimita, ukapita alama ya mwaka juzi, ukaendelea, ukasimama. Matofali yaliporudi, nao ulirudi, taratibu, hadi sifuri.

Walihamisha mara tano. Rimma alikokotoa kwa rula yake ya hesabu, akakagua, akakagua tena. Jibu lilikuwa lile alilolipata mezani kwake kabla meli haijagusa maji, likipishana nalo kwa upana wa ukucha. Meli ilikuwa na upungufu. Mzinga haukupaswa kuwapo, na kama usingekuwapo, omoni pasingekuwa na ngao ya kupanda.

"Ndiyo yenyewe?" aliuliza Dolbnya.

"Ndiyo yenyewe."

"Nani alaaniwe..." Hakumaliza. "Nimwite Venyamin Osipovich?"

"Mwite. Na aje na watu wa kreni." Aliutoa uzi kwenye karai, akaupangusa mafuta kwa kitambaa, akaanza kuuzungusha kwenye kibao chake, mzunguko juu ya mzunguko, usijikunje. "Mzinga unashuka leo. Mimi nitakaa hapa hadi ushuke, kisha tutapima tena."