Tenga la Darasa la Tatu B

Mwalimu Yuliana alikuwa na miaka kumi na miwili katika ualimu, na hakuna mkaguzi aliyewahi kutoka darasani kwake amekunja uso. Alijua hivyo, na walimu wenzake pale shuleni Kawe walijua. Basi kipupwe cha mwaka sabini na tatu, Bahiya binti Muhdhar alipoletwa kutoka chuoni akakabidhiwa Darasa la Tatu B, Yuliana, mwenye Tatu A, alimpokea kama mgeni wa siku mbili.

Tabu ni kwamba Benedicta, mtoto wake wa kumzaa, alikuwa Tatu B. Mwalimu mkuu hakutaka mtoto afundishwe na mama yake.

Mazungumzo ya chakula cha jioni yakawa Bahiya mtupu.

"Mama, Mwalimu Bahiya katufungia uzi kwenye majani ya ule mti wa mkungu pale uwanjani, kila mtu na jani lake. Tunaandika kila siku limekuwaje. Langu limeanza wekundu pembeni! Mwalimu anasema mti unarudisha chakula chake kwanza, ndipo unaliangusha jani. Wewe ulikuwa unajua?"

"Kula," Yuliana akasema.

Hakuwa anajua. Miaka yote aliwafagisha watoto majani yale, wala hakuwahi kujiuliza.

Majani yalipoanguka, Tatu B waliyakausha katikati ya magazeti, wakayapanga kwenye tenga, kuanzia yaliyobaki na ukijani mpaka mekundu kabisa. Walikusudia kuyabandika kwa uji wa muhogo kwenye karatasi kubwa, watengeneze picha za kijiji, na wazazi waje kutazama Ijumaa. Tatu A wakawa wanachungulia dirishani wakati Yuliana anafundisha kuzidisha.

"Mwalimu," mmoja akathubutu, "na sisi tutafanya lini?"

Darasa zima likamkodolea macho. Swali lile lilimkaa Yuliana kooni kama mwiba wa samaki.

Jumatano ilikuwa zamu yake ya usafi. Watoto walipokwenda kwenye shamba la shule, aliingia Tatu B. Tenga lilikuwa chini ya dirisha. Jani la juu lilikuwa na kikaratasi chenye mwandiko anaoujua: *Benedicta. Siku ya 19.* Nusura aliache. Kisha akalibeba tenga mpaka shimo la taka lililokuwa likifuka moshi, akalimwaga lote. Majani makavu hayachelewi kushika moto.

Bahiya alipouliza, Yuliana alimjibu bila kupepesa macho. "Nilidhani takataka, mwalimu. Ungesema."

Bahiya akachukua tenga lake tupu, akaondoka nalo. Jioni ile na ya Alhamisi Benedicta hakumtaja mwalimu wake nyumbani hata mara moja. Yuliana akajiambia mapenzi yamepoa, akampikia wali wa nazi. Mtoto alikula, akaosha sahani yake, akalala.

Ijumaa wazazi walirudishwa getini. Yuliana aliwaona wakiondoka na kanga zao za kutokea, moyo ukamsuta. Akamfuata Bahiya bombani.

"Dada Bahiya, mie sikudhani takataka. Niliyaona majina."

"Najua." Bahiya hakuinua macho kwenye ndoo. "Benedicta alikuona. Alirudi kufuata jembe. Nilikuwa nakwenda kukushitaki kwa mwalimu mkuu, akaning'ang'ania mkono, akalia mpaka nikaahirisha."

"Alikuja kulia kwako?"

"Kwangu, ndiyo." Akafunga bomba. "Sijakusamehe, mwalimu. Watoto wamefanya kazi wiki tatu. Lakini Jumatatu tunaanza upya, na mkungu una majani ya kutosha madarasa mawili. Ukitaka, walete wako."

Yuliana aliitikia kwa kichwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakuwaza kusamehewa wala kushitakiwa. Aliwaza jambo moja tu: mwanawe alipata uchungu, akapita mlango wa mama yake, akaupeleka kwa mwingine.

Jioni alimwomba mtoto radhi, kwa maneno yote, bila kujitetea.

"Haya, mama," Benedicta akasema, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye kidogo akauliza, "Mwalimu Bahiya umemwambia?"

"Nimemwambia."

Ndipo mtoto akatabasamu. Yuliana alilitazama tabasamu lile, akajua si lake, akainuka kwenda kuchochea moto.